Huwaida, Msomi wa Kazi

Nyumbani kwa Bi Barka, katika mtaa wa Wiyoni huko pwani, chai ya asubuhi ilinywewa haraka. Mwanawe mkubwa, Faiz, alikuwa msimamizi wa banda la kusafisha na kupakia samaki. Simu yake haikunyamaza. Siku hiyo ililia hata hajauma hamri.

"Nini tena?" alifoka. Akasikiliza, kisha akaruka kitini. "Athman amejikata mkono kwa kisu! Na Kemunto ameacha kazi! Wavivu hawa watanimaliza!"

Dada yake, Huwaida, aliweka kikombe chini. Alikuwa akisomea shahada ya pili chuo kikuu. Somo lake liliitwa saikolojia ya kazi. Alikuwa amerudi nyumbani kutafuta mahali pa kufanyia utafiti.

"Kaka, nipeleke bandani," alisema. "Nataka kuzungumza na wafanyakazi."

"Uwaambie nini?"

"Nitawauliza, kisha nisikilize. Sisi wa somo hili huchunguza kazi inavyomtendea mtu. Inampa moyo au inamvunja moyo? Daktari atashona mkono wa Athman. Mimi nataka kujua kwa nini kisu kiliteleza."

Faiz alitikisa kichwa. Lakini Bi Barka alimkatiza. "Mpe ndia mwenzio apite, Faiz. Hakusoma ili akae kitako."

Mwenye banda alikubali. Huwaida akazungumza na wafanyakazi mmoja mmoja, faraghani. Alimwambia kila mmoja, "Hulazimishwi kujibu. Na jina lako sitalitaja kwa mtu."

Mwanzoni walijibu kwa mkato. Kisha Valary, mama wa watoto wawili aliyetoka bara, akafunguka.

"Dada, shida si samaki. Shida ni kutojua. Simu inalia wakati wowote: njoo sasa hivi! Mtoto namwacha na nani? Nikichelewa, natukanwa mbele ya watu. Siku hizi nikisikia simu tu, kichwa kinaniuma."

Wengine walisema yayo hayo. Huwaida aliandika upesi. Mambo aliyoyasoma vitabuni sasa aliyasikia kwa watu walio hai!

Alipofika nyumbani, Faiz alikuwa akimngoja mlangoni.

"Nani amenisema?"

"Siwezi kukwambia."

"Mimi ni kakako!"

"Ndiyo, kaka. Lakini niliwapa ahadi. Nikiivunja, hakuna atakayeniamini tena, hapa wala kwingine."

"Basi utafiti wako umekwisha. Kesho usije bandani."

Bila utafiti ule, asingepata shahada. Hata hivyo, hakutaja jina.

"Sawa," alisema polepole. "Lakini kaka, sikusema wewe ni mbaya. Tangu nije sijakuona ukimaliza kula. Na wewe umechoka."

Faiz alitoka mlangoni. Akaketi. "Usingizi sina," alisema mwishowe. "Hata nikisali, mawazo yako bandani."

Huwaida alikaa karibu naye. "Huo si uvivu, wala si wewe peke yako. Mtu akiitwaitwa bila kupumzika, akili inachoka. Anakasirika upesi. Anasahau. Mkono unateleza. Sasa niambie, mashua zenu huingia lini?"

"Maji yakijaa."

"Na maji kujaa kunajulikana mapema?"

"Kila mtu anajua."

"Basi kwa nini zamu zisijulikane mapema?"

Faiz alimkodolea macho. "Wallahi, hilo sikulifikiria!"

Kesho yake walikwenda bandani pamoja. Faiz aliwauliza wafanyakazi wenyewe. Wakapanga zamu za wiki nzima kufuata maji. Wakaweka muda wa kupumzika na kunywa uji. Wakakubaliana kwamba mtu akikosea ataelezwa kando, bila matusi. Siku moja Faiz alisahau, akafoka. Papo hapo alimwomba Athman radhi, na Athman akacheka.

Wiki zilipita bila mtu kujikata. Kemunto alirudi kazini. Faiz naye alianza kulala, na mwenye banda alimsifu kwa samaki waliosafishwa vizuri kuliko zamani.

Huwaida aliandika yote bila majina ya watu, akapeleka chuoni. Kisha akapokea ujumbe kutoka kwa profesa wake. Alipousoma alipiga ukelele. Amefaulu! Amekubaliwa kusomea shahada ya tatu, ya uzamivu, na huku ataanza kufundisha chuoni!

Bi Barka alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Bandani, Valary alimkumbatia Huwaida. "Waambie wanafunzi wako waje watuulize sisi!"

"Nitawaleta mwenyewe," Huwaida alisema, machozi ya furaha yakimtoka.

Muhula ulipoanza, alisimama mbele ya darasa lake la kwanza.

"Kabla hatujafungua kitabu," alisema, "nani kati yenu amewahi kumwuliza mfanyakazi jinsi kazi inavyomtendea?"

Hakuna aliyeinua mkono.

Huwaida alitabasamu. "Basi tutaanzia hapo."