Mabawa ya Tambori

Saa kumi na mbili na nusu, kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, redio ya Mzee Kuwabara ilianza kuimba katika uwanja mdogo kando ya mto. Watoto wa mtaa walipanga mistari wakafanya mazoezi ya viungo. Walinyoosha mikono, wakainama, wakaruka, wengine macho bado yamejaa usingizi. Mazoezi yakiisha, kila mtoto alimpelekea mzee kadi yake agonge muhuri wa siku hiyo.

Lakini mwaka huo muhuri haukuwa na maana sana. Kila mtoto alikuwa amebana kiunoni kihesabu hatua, kifaa kidogo kama kiberiti, na ndani yake aliishi Tambori. Tambori ni mnyama wa mchezo wa video. Ana mkia mpana, macho makubwa na ngozi ya chura. Wanyama wengine wa mchezo huo unawatega, lakini Tambori hategwi, anatembezwa. Anaanguliwa bila mguu hata mmoja. Ukitembea naye hatua elfu kumi, anaota miguu ya mbele. Elfu hamsini, anaota ya nyuma. Ukifika laki mbili, anaota mabawa.

Natsuho Irie wa darasa la sita alimpenda Tambori wake kuliko mnyama yeyote wa mchezo ule, na alikuwa na taabu naye. Tangu alipogongwa na pikipiki miaka mitatu iliyopita, Natsuho aliuburuta mguu wake wa kulia. Kihesabu hatua kilitaka kishindo ndipo kihesabu. Mguu wa kushoto ulikanyaga, kikahesabu. Mguu wa kulia uliteleza, kikanyamaza. Hivyo alikwenda mwendo wa watu wote akalipwa nusu.

Bibi Sugie, mwenye duka la vitu vya kuchezea, alikuwa amebandika tangazo mlangoni. Jumamosi ya mwisho ya likizo kungekuwa na mashindano. Mwenye Tambori wa mabawa angeshindana, na asiye naye angekaa mezani kuandika pointi za wenzake.

"Natsuho, we anza kuchonga penseli mapema," alisema Ryohei, mtoto wa fundi mabomba. Wa kwake alikuwa ameota mabawa siku ya kumi tu ya likizo. "Tambori wako atazeeka hajajua kutambaa."

"Chonga yako," Natsuho alimjibu. "Mimi nitacheza. Na nitampa mabawa kwa miguu yangu hii hii, mmoja mzima na mmoja mbovu. Umenisikia?"

"Nimesikia. Tutaona!"

Wenzake walicheka. Natsuho alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu, kisha akaanza kutembea.

Wazazi wake walikuwa na duka la tofu, jibini laini la maharage ya soya. Aliomba kazi ya kupeleka tofu nyumba kwa nyumba, kazi aliyokuwa akiikimbia kila mwaka. Alipita barabara ya juu, akavuka daraja, akapanda ngazi za hekalu ambako mtunza bustani alinunua vipande viwili kila siku. Jioni alirudi mguu unamuuma, akakaa kizingitini kumtazama Tambori. Siku moja alizihesabu hatua zake kwa mdomo tangu dukani hadi hekaluni. Zilikuwa elfu mbili na mia tatu. Kifaa kilisema elfu moja na themanini.

"Mwizi wewe!" alikipigia kelele. Mama yake akachungulia kutoka jikoni kuona anagombana na nani.

Zikabaki siku nne. Tambori alikuwa na hatua laki moja tu, na miguu minne isiyo na haraka. Siku hiyo Natsuho alikuwa ukingoni mwa mto na ndoo yake ya tofu alipomwona Daikichi, mbwa wa Ryohei, akikimbizana na bata. Kwenye ukosi wa mbwa kulining'inia kihesabu hatua chenye kibandiko cha radi. Kile kilikuwa cha Ryohei. Ryohei mwenyewe alikuwa amelala kwenye nyasi akila barafu ya tikiti.

Natsuho aliinua ndoo yake. Akarudi nyumbani amejaa hasira. Alijiambia kwamba kifaa kilikuwa kimemwibia hatua laki nzima, kwa hiyo kuzirudisha si wizi. Asubuhi iliyofuata, baba yake alipowasha mashine ya kusagia soya, Natsuho alikitundika kifaa kwenye mpini wake, akaenda mazoezini kiuno kitupu. Mashine ile ilitikisika mpaka vikombe vikagongana kabatini. Alifanya hivyo asubuhi mbili. Ya pili, aliporudi, namba ilikuwa imevuka laki mbili.

Alikimbilia chumbani. Kwenye skrini, Tambori alijikunja, akang'aa, akafunguka na mabawa mawili ya kijani. Yalikuwa mazuri kweli. Kisha yakatokea maandishi ambayo mchezo huyaandika kwa kila mtoto anayefika hapo: *Asante kwa kutembea nami.*

Natsuho alikizima kifaa. Aliona aibu, ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Jumamosi duka la Bibi Sugie lilijaa watoto. Kabla ya kutoa tiketi, bibi alitaka kila mmoja asimame mbele, kama wafanyavyo shuleni, aeleze alikotembea na mnyama wake.

Ryohei alisimama kifua mbele. "Mimi nilikwenda kando ya mto mpaka baharini, kila siku, kwenda na kurudi." Watoto wakapiga makofi.

"Natsuho Irie," Bibi Sugie aliita.

Natsuho alisogea mbele, mguu ukiburutika sakafuni. Alikiinua kifaa ili wote waone mabawa. Rafiki yake Sachie alipiga kelele za furaha, "Amepata! Si niliwaambia?"

"Sijapata," alisema Natsuho. "Nusu ya hatua hizi ni za mashine ya baba ya kusagia soya. Niliitundikia."

Duka zima likalipuka kwa kicheko.

"Ala! Mashine ina Tambori!" Ryohei alipayuka. "Na kelele zote zile za miguu yangu, miguu yangu! Mwongo mkubwa!"

Natsuho alimgeukia. "Nilidanganya, ndiyo. Nimekwisha sema mbele ya watu wote, na sitalia. Wewe una la kusema?"

"La kusema nini? Mimi nimetembea."

"Sawa. Basi twende sasa hivi mpaka hekaluni, mimi na wewe, tuhesabu kwa mdomo. Aliyetembea kwenda baharini kila siku hashindwi na ngazi mia moja thelathini."

Kicheko kilikoma. Ryohei alitazama mlango, akatazama viatu vyake. "Kuna joto," alisema.

"Hata mimi nasikia joto. Twende!"

Walikwenda, na duka zima likawafuata, Bibi Sugie akiwa na mwavuli wa jua. Natsuho alihesabu kwa sauti njia yote, akipunguza mwendo lakini asisimame. Ryohei alihesabu mpaka ngazi ya sitini, akakaa chini anahema. Natsuho alimpita. Mguu ulimuuma vibaya, naye akaendelea mpaka juu kabisa. Alipogeuka, Ryohei alikuwa bado pale pale amejifunika uso kwa kofia.

"Ni Daikichi," alisema kwa sauti ndogo Natsuho alipomshukia. "Nilimfungia Daikichi kifaa."

"Mimi nilikiweka juu ya mashine ya kufulia," akasema mtoto mwingine. Mwingine akataja baiskeli ya kaka yake. Kumbe karibu nusu yao hawakuwa wametembea hata kufika posta.

Natsuho alitoa kifaa chake. Akabonyeza kitufe cha kuanza upya. Kifaa kikamuuliza kama ana hakika.

"We Natsuho, usifute!" Sachie alimshika mkono. "Na zile laki ulizotembea kweli? Utazipoteza zote!"

"Zimechanganyika na za soya. Siwezi kuzichambua." Akabonyeza. Mabawa yakatoweka. Kikabaki kiumbe kidogo kisicho na mguu, kinapepesa macho. Machozi yalimlenga, akayameza.

Bibi Sugie aliketi kwenye ngazi, akakiomba kile kifaa, akakibana kwenye kamba za kiatu cha kushoto cha Natsuho. "Kiunoni hakikufai. Hapa kitapata kishindo, na nitakirekebisha ili kila kishindo kihesabiwe mara mbili. Ungeniambia tangu mwanzo, mwanangu, tungekirekebisha siku hiyo hiyo. Na tangazo langu nalibadilisha. Mashindano yatakuwa baada ya sikukuu ya mavuno, na wote mnaanza upya."

Kisha akawatazama wote.

"Kifaa hiki kinahesabu mtikisiko. Hakijui kama ni mtoto, mbwa au mashine. Anayejua ni mwenye nacho peke yake. Natsuho alionewa kweli, lakini alipoonewa akadanganya, na udanganyifu haukumrudishia hata hatua moja. Kilichomsimamisha leo ni kusema kweli mwenyewe kabla hajaulizwa. Mtu akikuonea, lalamika, piga kelele, gonga mlango wangu. Lakini usidanganye."

"Nitapiga kelele, bibi," alisema Natsuho.

"Hilo sina shaka nalo."

Natsuho alimgeukia Ryohei akamnyooshea mkono kumwinua. "Haya simama. Zimebaki ngazi sabini, na mimi nimeshuka nipande nawe."