Mwaka wa Kompyuta

Kila Alhamisi baada ya masomo, Zenash alifagia chumba cha kumbukumbu cha shule yao mjini Debre Tabor, akafuta vumbi kwenye kompyuta, kisha akaketi kumsaidia mtunza kumbukumbu, Demelash, ambaye kwa heshima wote walimwita Gashe. Mzee huyo alikuwa na macho mabovu na moyo mwema. Alhamisi hiyo alikuwa na mgeni.

"Huyu ni Wubshet, alisoma hapa," alisema. "Nyumba yao iliungua, na cheti kikaungua nayo. Kesho asubuhi ndiyo mwisho wa kupokea matokeo chuo cha uuguzi Bahir Dar. Mtolee matokeo ya darasa la nane, mwaka 2008. Printa yetu haina wino, ataenda kuyachapa hukohuko."

"Jambo dogo hilo, Gashe!" alijibu Zenash.

Mafaili yote ya zamani yalikuwa yamebanwa pamoja katika furushi moja ndani ya kompyuta. Zenash alilifungua, orodha ndefu ikajitandaza. Majina yalikuwa namba tupu, lakini pembeni kulikuwa na tarehe. Alishuka mpaka 2008, akabonyeza faili la kwanza, akashikilia kitufe cha Shift na kubonyeza la mwisho. Yote yaliyo katikati yakawa ya buluu. Akayatoa, akayatia kwenye flashi ya Wubshet.

"Mungu akukuze, dada mdogo," alisema Wubshet. Gashe akampa barua yenye mhuri, naye akashika njia ya kituo cha basi.

"Profesa Zenash!" alitania Tigabu, mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa akipanga vitabu. Zenash alicheka, akafungua faili moja kwa kujifurahisha tu. Kicheko kikakatika. Juu ya ukurasa paliandikwa: Matokeo, mwezi wa Sene, mwaka 2000.

Alielewa papo hapo. Kompyuta ilihesabu miaka ya Kizungu, nayo ya kwao Ethiopia iko nyuma kwa miaka saba au minane. Mwaka wao wa 2008 ulikuwa 2016 kwenye kompyuta. Wubshet alikuwa amebeba matokeo ya watu wengine.

"Nyamaza," Tigabu alinong'ona. "Atadhani flashi ni mbovu. Ukisema, Gashe hatakuruhusu tena kugusa hiyo kompyuta. Na maji yakishamwagika hayazoleki."

Zenash aliikodolea macho kompyuta. Aliipenda kuliko kitu chochote pale shuleni. Kisha akamfikiria Wubshet kesho, amesimama mbele ya karani, na aibu ikamchoma.

"Gashe," aliita, "nimekosea. Nimempa mwaka wa kompyuta, si mwaka wetu. Na sikufungua hata moja kuhakikisha."

Gashe alivua miwani, akaangalia saa ukutani. "Basi linaondoka saa kumi. Sasa ni tisa na nusu. Vuta kiti."

Safari hii hawakuzoa kila kitu. Katika mwaka 2016 matokeo yalichanganyika na barua za kamati na orodha za miche. Zenash alifungua faili moja baada ya jingine, akasoma, na kila lililofaa akalichagua peke yake huku ameshikilia Ctrl. La nne lilikuwa na jina la Wubshet. Waliyatia kwenye flashi ya shule, Zenash akakimbia hata kiatu kimoja kikamvuka njiani.

Alimkuta Wubshet ameshakaa dirishani, dereva anapiga honi. Akampa flashi, akaeleza akihema. Wubshet akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Basi likaondoka.

Aliporudi na kiatu mkononi, Gashe alikuwa akimngoja mlangoni.

"Utaninyang'anya kompyuta, Gashe?"

"Kwa nini? Kosa lako tumelirekebisha kwa nusu saa. Ungelinyamazia, lingemla yule kijana mwaka mzima, kwa kalenda yoyote unayotaka. Kukosea si aibu, mwanangu. Aibu ni kujua umekosea, ukamwacha mwenzako apande basi." Akamsogezea kiti. "Haya, keti. Andika mwaka wetu kwenye kila faili, na usiandike kabla hujalifungua."

Zenash alivaa kiatu chake, akafungua faili la kwanza, akalisoma mpaka mwisho.