Diski Nzito ya Merdi

Kila alipotoka shule, Deborah alikula bukari, ule ugali wa kwao, haraka haraka, kisha akakaa mbele ya kompyuta ya mama yake. Mama Virginie alikuwa mpiga picha wa mtaa wa Makomeno, na kazi ya Deborah ilikuwa kuhamisha picha kutoka kwenye kadi ya kamera. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo aliipenda kweli.

Lakini kompyuta ilikuwa imejaa na kuchoka, na umeme wa mtaani ulikatika bila hodi.

"Siku moja mashine hii itakufa na picha za watu ndani," mama alisema. "Tununue diski ya nje. Nenda kwa Merdi, ni mtu wa nyumbani."

Merdi! Nani mwingine? Mama zao walilelewa katika ua mmoja, na Deborah alimwita kaka tangu alipojua kusema. Kijana huyo aliuza vifaa vya simu na kompyuta karibu na soko. Alimwekea diski mbili mezani: moja nyembamba, nyingine nene inayong'aa, ambayo alisema inabeba picha mara nne zaidi kwa bei ileile.

Deborah akazipima mikononi. Ndivyo walivyofanya kwao. Babu Nkandu alichambua mawe ya mgodi ujana wake wote, na wajukuu walijua kwamba jiwe lenye shaba huvuta mkono chini.

"Hii iko nzito," alisema akiinua ile nene.

"Unaona? Mukono yako inajua kazi," Merdi akacheka. "Weye dada yangu, naweza kukuuzisha kitu ya mubaya?"

Jumapili watoto wa parokia, Chance mdogo wake Merdi akiwemo, walipata komunyo ya kwanza. Mama Virginie alipiga picha na video tangu asubuhi. Jioni Deborah alihamishia zote kwenye diski mpya, akaona majina ya picha yamejipanga vizuri, kisha akafuta kila kitu kwenye kadi. Hakufungua hata picha moja. Afungue ya nini? Diski ilitoka kwa kaka Merdi.

Wazazi walipokuja kuchagua picha, mama alibonyeza ya kwanza. Haikufunguka. Ya pili, vilevile. Majina yalikuwepo, picha hazikuwepo.

"Mama Virginie," alisema Honorine, aliyemshonea binti yake gauni kwa mikono yake, "siku ile hairudi." Jina zuri la mama mtaani lilikuwa linaondoka mbele ya macho yake.

Deborah alikimbia mpaka kwa Merdi na diski mkononi.

"Labda umeiangusha," Merdi akasema, bila hata kuishika.

Ndipo Deborah alipoona kompyuta ya Merdi mwenyewe. Ilikuwa imechomekwa ile diski nyembamba, na Merdi alikuwa anahifadhi filamu zake humo.

"Mbona vitu vyako umeviweka kwenye nyepesi?"

Merdi alitazama chini. "Biashara, dada."

Lo! Kumbe alijua. Alijua siku ileile, alipokuwa anausifia mkono wake. Machozi yakamtoka Deborah mbele ya wateja.

"Na Chance je?" alisema. "Picha za mdogo wako zilikuwa humo pia."

Merdi hakusema tena neno biashara.

Mwalimu Musonda, anayefundisha kompyuta shuleni, aliifungua ile diski nyumbani kwa akina Deborah kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na nati mbili za chuma zilizobandikwa kwa gundi, na kifaa kidogo cha kumbukumbu kinachotosha nyimbo chache tu. Babu Nkandu aliziokota nati akazitazama, halafu akatikisa kichwa.

"Kadi mmeshaipigia picha nyingine?" mwalimu akauliza.

"Bado."

"Vizuri. Msiiguse."

Kwa programu aliyokuwa nayo, alizirudisha picha nyingi kutoka kwenye kadi. Binti wa Honorine alionekana na gauni lake. Ya Chance mbele ya altare haikurudi.

Merdi alikuja kesho yake na diski nyembamba mkononi. Akasimama mlangoni.

"Mama Virginie, munisamehe. Ya Chance iko?"

"Haiko, mwanangu," mama alijibu kwa upole, na upole huo ulimuuma Merdi kuliko kelele.

Deborah aliipokea diski. Hakuipima mkononi. Aliichomeka, akaijaza picha na video, akazifungua moja moja mpaka ya mwisho, huku Merdi akingoja.

"Sasa sikilizeni wote wawili," mama alisema. "Deborah, kumwamini ndugu si kosa. Kosa ni kufuta kabla ya kufungua. Kitu kinachobeba mambo ya watu tunakijaribu kwanza, na nakala tunaweka mbili. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimjaribu. Na wewe Merdi, ulidhani unamdanganya mtoto wa mwingine. Nenda nyumbani sasa, ukamweleze Chance picha yake ilikwenda wapi."