Paa la Saa Saba

Walikutana siku ambayo hakuna aliyeweza kumwona mwenzake. Ilikuwa kliniki ya macho, asubuhi, watu wamefurika mpaka kwenye ngazi, na wote wawili walikuwa wameshatiwa yale matone ya kupanua mboni. Mtu akitiwa matone hayo, dunia nzima inageuka ukungu. Msusi alikuwa benchini na kikaratasi chake cha namba, anakisogeza puani, anakirudisha mbali, wapi.

"Samahani, kaka," alikiambia kivuli kilichokaa kushotoni kwake. "Hebu nisomee namba yangu."

Kivuli kilipokea karatasi, kikaikodolea macho. "Dada yangu, hapa tumekutana vipofu wawili. Hii ni thelathini na moja, au kuna mdudu amefia hapa."

"Na yako?"

"Mimi walinitajia kwa mdomo. Thelathini na tano."

"Basi, Tano, nikisinzia wakaniita, nishtue."

"Sawa, Moja. Lakini niambie kitu kimoja. Hicho kichwani ni kilemba au jua limechomoza humu ndani?"

Alicheka mpaka muuguzi akageuka. Kilemba chake kilikuwa cha rangi ya chungwa, kikubwa, kimefungwa kwa ufundi, na wanawake wengi mtaani walikuwa wakimwomba awafundishe kukifunga. Hawakujua kwamba kwa miaka miwili hakuwahi kukivua mbele ya mtu. Nywele zake zilianza kudondoka kwa mabaka, kisha zikaisha zote. Daktari alimwambia hatakufa, ni mwili tu umeamua kugombana na nywele. Hatakufa, sawa, lakini nani atamkabidhi kichwa chake msusi mwenye upara? Aliyejua ni shangazi yake tu, mwenye saluni, na shangazi hakuwa mtu wa kupayuka.

Walipoagana kila mmoja aliisema namba yake ya simu kwa sauti na mwenzake akaikariri, maana kuandika walikuwa hawawezi. Tano alipiga jioni ile ile.

"Nilikuwa nahakikisha kama nimeshika vizuri," alisema.

"Umeshika. Sasa unataka nini?"

"Nataka kukuona nikiwa na macho."

Wakaonana. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, macho mekundu ya mtu anayekesha ingawa alilala mapema. Alisema kazi yake ni ya kompyuta, kukodolea skrini mchana kutwa. Msusi hakudadisi. Wakawa wanatembea kila Jumapili, wanataniana njia nzima, na katikati ya wiki wanapigiana simu. "Moja wangu," alikuwa akimwita, na msusi akikata simu alikuwa akibaki ameishika kwa muda, anatabasamu peke yake kama aliyeokota kitu. Alijua siku moja itabidi akivue kile kilemba mbele yake. Wazo hilo lilimnyima usingizi. Kama atakimbia, na akimbie, lakini angemwambia yeye mwenyewe, kwa siku aliyoichagua yeye. Alikuwa amepanga iwe Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Kwa sasa alikuwa na paa. Jengo lao lilikuwa refu kuliko yote mtaani, na hakuna dirisha lililofika juu pale. Kila siku saa saba mchana, wateja wakipungua, alipanda ngazi na kopo lake la chakula, akajibanza nyuma ya tangi la maji, akakivua kilemba na kukiweka mapajani. Upepo ukampiga kichwani. Nyumbani alilala chumba kimoja na mabinti wawili wa shangazi, kazini alizungukwa na vioo, kwa hiyo nusu saa hii ndiyo pekee ambayo hakuwa akijificha. Wakati mwingine alilia kidogo, akafuta uso, akala, akashuka.

Kulikuwa na ile droni ya polisi, kweli. Watu waliiita Nyigu kwa mlio wake. Ililetwa miezi miwili nyuma kuwasaka wezi wa nyaya za umeme, na saluni haikuwa na mazungumzo mengine.

"Bafu letu halina paa," alisema mama muuza viatu, kichwa chake mikononi mwa msusi. "Mimi sasa naoga na mwavuli. Mkono mmoja sabuni, mkono mmoja mwavuli. Huyo mwizi wa nyaya wanayemtafuta bafuni kwangu ana nyaya gani?"

Saluni nzima iliangua kicheko. Shangazi alitikisa kichwa. "Chekeni, lakini tangu ije umeme haujakatika hata siku moja. Mnakumbuka tulivyokuwa tunakausha watu nywele kwa kuwapepea na magazeti?"

Msusi naye alicheka. Aliamini Nyigu anatazama barabara. Akimsikia anapita juu, alijisogeza zaidi kwenye kivuli cha tangi, basi.

Siku ya Jumanne, saa saba na robo, simu iliita akiwa paani. Kilemba kilikuwa mapajani.

"Moja wangu, umekula?"

"Ndiyo kwanza nafungua. Niko hapa chini na wenzangu, wanapiga domo."

"Wasalimie."

"Wanasema hawakujui." Alisimama, akatembea na simu sikioni kama ilivyokuwa kawaida yake, akafika kwenye kiukuta cha ukingoni na kukiegemea kwa kiuno. Chini magari yalikuwa yamekwama. "Tano, Jumapili hii tusiende kutembea. Tukae mahali. Nina neno nataka kuku—"

"Toka kwenye huo ukuta."

Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nini?"

"Una ufa mkubwa kwa nje, rudi nyuma, rudi sasa hivi."

Alirudi nyuma. Miguu ilitii kabla hajafikiri. Ndipo akausikia ule mlio, akainua uso. Nyigu alikuwa amening'inia hewani, hatua kama thelathini kutoka pale, ametulia tuli, kioo chake cheusi kimemwelekea.

Upande wa pili wa simu mtu alikuwa akihema.

"Uko wapi, Tano?" aliuliza taratibu.

"Kazini."

"Kazi gani?"

Nyigu hakuondoka. Msusi alikiokota kilemba, akajaribu kukifunga, kikamtoka mara mbili, mwishowe akajifunika nacho kichwa kama anayekimbia mvua. Aliitupa simu mfukoni bila kuikata, akashuka ngazi. Kopo la chakula lilibaki juu.

Tano alipiga mara kumi na saba siku ile. Msusi hakupokea. Ujumbe aliufuta bila kuusoma. Kilichomuuma hakikuwa kuonwa tu. Ni kwamba kwa wiki zote zile, kila alipokuwa akijipa moyo na kupanga maneno ya kumwambia, mwenzake alikuwa ameshajua, na alikuwa akimwacha ahangaike. Siku yake aliyoichagua ilikuwa imeshachukuliwa.

Hakupanda tena. Saa saba alikula stoo, katikati ya maboksi ya nywele za bandia, mlango amefunga, na hata humo hakukivua kilemba. Mteja akisimulia jambo la kuchekesha alicheka mwisho, baada ya wote. Shangazi alimtazama siku tatu, ya nne akamwita fundi wa ujenzi aje akague paa, maana msusi alikuwa amemwambia kuna ufa, bila kumweleza kaujuaje. Fundi alishuka kajaa vumbi.

"Huo ukuta umesimama kwa huruma tu," alisema. "Nimeusukuma kwa mkono mmoja, tofali tatu zimeanguka ndani. Nani kawaambia? Ukiwa juu huwezi kuuona ule ufa."

Shangazi alimgeukia msusi. Msusi alisema ana mteja, ingawa kiti kilikuwa kitupu. Usiku ule alilala akilaani na kushukuru, vyote kwa mtu mmoja, na hakujua afanyeje na vitu viwili hivyo.

Tano alikuja Jumapili ya tatu baada ya siku ile, asubuhi, saluni imefungwa na msusi yuko peke yake anaosha vitana. Aligonga, akabaki nje ya mlango wa kioo mpaka alipofunguliwa. Shati halikupigwa pasi.

"Nipe dakika tano, Moja. Kisha nitaondoka."

"Usiniite hivyo. Kaa pale. Nani mwingine aliniona?"

Alikaa. "Chumba cha kurushia Nyigu tulikuwa watatu. Siku ya kwanza walikuona wote. Mmoja aliuliza kama unaumwa. Mimi nikasema hayatuhusu, tuende zetu, tukaenda. Wakati huo sikukujua. Ni kabla ya kliniki."

"Halafu?"

"Halafu ukanielekeza saluni iko jengo gani. Nikajua ni wewe. Nikarudi. Mara ya kwanza nilijidanganya kwamba nakulinda. Baadaye kila siku saa saba nikawa naomba zamu ya upande huu. Naishi peke yangu, nakula peke yangu mbele ya skrini. Nikikuona unakula ilikuwa kama tunakula pamoja."

"Mimi sikuwa nakula na wewe. Mimi nilikuwa peke yangu."

"Najua."

"Ulinisikia nikikudanganya kwamba niko chini na wenzangu, na unaniona. Ukasema wasalimie."

"Nilisema."

Angeweza kujitetea kwa ule ukuta. Msusi alikuwa akiungoja utetezi huo, amejiandaa kumkata kauli, lakini Tano hakuutaja. Badala yake alisema amemwandikia mkuu wake kwamba alitumia mashine ya kazi kwa mambo yake binafsi, akaomba picha zote za paa lile zifutwe, na mapaa ya watu yasiangaliwe bila sababu iliyoandikwa. Za paa lile alizishuhudia zikifutwa. Hilo la mapaa walimwambia litajadiliwa. Yeye wamemtoa kwenye chumba cha kurusha, yuko kaunta anaandikisha vitambulisho vilivyopotea.

"Kwa hiyo Nyigu bado anaruka."

"Anaruka. Amepewa mtu mwingine. Sitakudanganya, hilo sikuliweza."

Msusi alisimama na kitana mkononi, maji yanamdondokea miguuni. Alikuwa amemchukia kwa wiki tatu na alikuwa amechoka. Alikuwa na hamu naye pia, na hilo halikumfurahisha hata kidogo.

Akakishika kile kiti cha kusukia, na Tano akiwa juu yake, akakizungusha. Kiti kikaacha vioo, kikaelekea ukuta mtupu.

"Usigeuke."

"Sigeuki."

Tano alisikia kitambaa kikifunguka nyuma yake, mzunguko baada ya mzunguko, kisha kikiwekwa mezani. Alitulia kama mtoto anayenyolewa.

"Nikikwambia geuka, ndipo utageuka," alisema msusi. "Nisipokwambia, utaondoka kama ulivyokaa, nami nitakuwa nimeshakifunga. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Akarudi kwenye vitana vyake, kichwa wazi, hatua tatu nyuma ya mtu. Nje, mbali, Nyigu alipita akielekea sokoni. Wote wawili walimsikia.

"Haya," alisema baadaye, anasugua. "Hivyo vitambulisho. Watu huwa wanavipotezea wapi?"

"Wengi kliniki."

Alicheka kidogo, mgongo kwa mgongo, na machozi yakamtoka, na hakuhitaji kuyafuta upesi. Walizungumza hivyo karibu saa nzima. Siku ile hakumwambia ageuke.

Jumapili iliyofuata Tano alikuja tena. Alisalimia, akakizungusha kiti mwenyewe kuelekea ukutani, akakaa.