Jogoo Aliyetolewa Namakwekwe

— Toa chochote, mama Santa. Kijana wa kisu haondoki mlangoni mikono mitupu.

Aliyesema hivyo ni Rashidah, jirani wa ukuta mmoja. Njuga zilikuwa zinalia ua mzima. Kijana mwenyewe mrefu, anazungukia watu kabla ya kutahiriwa, amepakwa kimea kutoka usoni mpaka kifuani, anaruka mbele ya mlango wa Lillian, na wenzake nyuma wanaimba Kigisu.

Lillian hakuelewa hata neno moja. Yeye kwao ni Lira, binti wa askari magereza, amekulia kota za magereza Jinja. Huku Mbale walikuja mwanzo wa mwaka huo wa tisini na nne, mumewe Gidudu alipopata kazi ya stoo kwenye duka la jumla. Mji ulikuwa wa kwao Gidudu, sio wake. Bado alikuwa anauliza njia ya sokoni. Ndani ya nyumba waliongea Kiswahili, kwa sababu mke hakujua Kigisu na bwana hakujua lugha ya Lira.

Basi siku ile alifurahi kidogo kuona watu wamekuja kwake. Akamkamata jogoo wake, akampa kijana kwa mikono miwili.

Nyimbo zikakatika. Kijana akapiga magoti, akasema jambo, kisha wote wakapaza sauti wakaimba jina moja, Lillian asilishike kwa kelele za njuga, na wakatoka.

Rashidah alikuwa ameweka mkono mdomoni.

— Mama Santa, nisamehe. Nilidhani anapita tu kama wengine. Huyu ameimba jina la baba yake.

— Jina gani?

— Gidudu wa stoo. Anaitwa Douglas, anakaa na bibi yake Namatala. Na wewe, mke wa baba yake, umempa jogoo kwa mkono wako. Kwetu hapa hiyo ni kusema umempokea. Sasa kisu kitaanguka katika ua huu.

Lillian alikaa juu ya jiwe la kufulia. Kutoka Namakwekwe, mtaa wao, kwenda Namatala ni kutembea tu. Alikaa pale mpaka Gidudu akarudi jioni.

— Douglas ni nani?

Gidudu alikuwa anavua viatu. Akabaki na kimoja mkononi.

— Nani amekutajia?

— Amekuja mwenyewe. Nimempa jogoo.

Gidudu akaeleza, polepole, akitazama sakafu. Kwamba alikuwa kijana sana, kwamba mama wa mtoto aliitwa Janepher, na alikufa mtoto akiwa anatambaa. Boma la babu liliuzwa, ndio maana ukoo umesema kijana atahiriwe kwa baba yake. Alitaka kumwambia mke wake kila mwezi, na kila mwezi ulipita.

— Baba yangu alikuuliza mbele ya wazee kama una mtoto. Ulisema nini?

— Nilisema sina.

— Na yeye alikuwa tayari anakwenda shule.

— Ningesema ndiyo, wangenipa wewe?

— Sijui. Na wewe hujui. Umetunyima wote kujua.

Hakulia. Moyo ulikuwa kama mkono uliolaliwa, uko pale lakini hausikii kitu. Asubuhi akawavisha watoto wake wawili masweta, akapanda nao basi la Jinja, na Gidudu akabaki stendi ameshika kofia yake.

Jinja, Afande Lawrence, baba yake, alisikiliza yote amesimama. Akasema mtu aliyemdanganya mezani kwake hana binti tena kwake, na Lillian akae. Lillian akakaa. Akapika, akafua, akachana nywele za Santa. Watu wa kota walimsalimia akaitika. Ukimuuliza jana amekula nini, hakujua.

Gidudu akapiga simu ofisi ya magereza, mlinzi akaja kumwita.

— Lillian, wazee wamepanga Jumamosi.

— Sawa.

— Wanasema ulishapokea, haiwezi kurudi nyuma.

— Sawa.

— Sawa nini?

— Nimesikia.

Akaweka simu, akarudi kwenye maharage yake.

Siku mbili kabla ya Jumamosi Gidudu akaja mwenyewe. Alipewa kiti, hakukaa. Lillian alikuwa jikoni, lakini ukuta wa kota ni mwembamba.

— Afande, uliniuliza, nikakudanganya. Nina mtoto wa kiume. Ni mkubwa.

— Kwa nini unasema leo? Kwa sababu kijana ameimba jina lako barabarani?

— Ndiyo, Afande. Bila hivyo ningeendelea kunyamaza.

Lawrence akasema yeye amemaliza, aulizwe Lillian mwenyewe.

Lillian akatoka anajifuta mikono.

— Siku ya kisu, mama wa kijana anakaa wapi?

— Ndani. Anakaa chini, anashika nguzo ya nyumba kama mtu anayejifungua, mpaka iishe.

— Na kama hana mama?

— Nafasi inabaki wazi. Na kijana anajua iko wazi.

— Wewe unanipenda, bwana, au unatafuta mtu wa kushika nguzo?

— Nakupenda. Na natafuta mtu wa kushika nguzo. Yote mawili.

Lillian akamtazama. Akarudi jikoni kuepua sufuria, kisha akaenda kutafuta masweta ya watoto.

Jumamosi ua ulijaa, na wengine walipanda ukuta. Lakini nyumba ya kupanga haina nguzo ya katikati. Rashidah akazunguka chumba akitafuta, mwishowe akasema:

— Shika mguu wa kitanda. Mizimu ya Bagisu itaelewa, nyumba ni ya Mwarabu.

Lillian karibu acheke. Akakaa chini, miguu imenyooka, akashika.

Nje mzee wa ukoo akauliza kwa Kigisu, kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa sababu alijua ni nani yuko ndani:

— Mama wa huyu kijana yuko?

Watu wakageuka kutazama nyumba. Gidudu alisimama karibu na mlango.

— Nipo, Lillian akasema.

Akarudia kwa nguvu, ili na kijana asikie.

— Nipo.

Ikapita kama pumzi mbili, halafu filimbi ikalia kwamba kisu kimemaliza, na wanawake wakapiga vigelegele. Douglas hakutikisika. Aliyetikisika ni Lillian, mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, na machozi yote ya Jinja yakashuka kwa mara moja.

Gidudu akaingia, akachuchumaa mbele yake, akataka kumshika bega.

— Nenda ukakae na mtoto wetu, Lillian akamwambia. Mimi na wewe bado tuna maneno. Lakini sitoki hapa.