Funguo Mbili za Ghala la Carama

Ujumbe uliingia saa nane kasoro dakika mbili, mchana kweupe.

Fungua geti. Fuso nyeupe. Masanduku thelathini.

Ulikuwa ujumbe kwa geti; Caritas, ofisa wa polisi, aliisoma nakala yake kwenye simu ndani ya gari lake la Probox, mkabala na ghala la polisi la Carama. Fuso ilikuwa tayari getini, injini inanguruma. Nyuma ya geti kulikuwa na baruti iliyokamatwa mpakani, ya kutosha kubomoa mtaa mzima.

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Chef, muhuri iko bon, iko sawa kabisa," alisema Huguette, fundi wa kompyuta, kutoka chumba cha mitambo, ambako siku hiyo bosi wake alimwamuru alizuie geti lisijifungue lenyewe. "Nifungue?"

"Apana. Ngoja."

Geti lile halikuwa na mlinzi wa kubembelezwa. Lilitii ujumbe unaojituma wenyewe kutoka ofisini, webhook kama mafundi wanavyouita, na kila ujumbe ulikuja na muhuri uliokokotolewa kutokana na maneno yake pamoja na ufunguo wa siri. Ukigusa herufi moja tu, muhuri unakataa. Bila ufunguo, huwezi kuughushi hata ukeshe mwaka mzima.

Ndiyo maana mwezi uliopita, Fuso nyingine ilipotoka hapo kwa muhuri safi, kila mtu alijua ufunguo umeuzwa na mtu wa ndani. Régis, mwenzake Caritas, aliliandama lori lile peke yake hadi Musaga, na huko wakampiga risasi. Idara ya polisi ikamtupia marehemu lawama zote: eti aliuza ufunguo, kisha akagombana na wenzake wa wizi. Lisette, mjane wake, hakupewa hata bendera ya kufunika jeneza.

Caritas hakuyaamini. Alitengeneza ufunguo mpya, na Jumatatu akaukabidhi kwa mkono, kwenye karatasi, kwa watu wawili tu: Huguette, na mkuu wao, mzee Sylvère. Kila mmoja alidhani wamepewa ufunguo uleule.

Zilikuwa funguo mbili.

Aliteremsha kidole hadi mstari wa mwisho wa ujumbe, pale simu yake peke yake ilipoonyesha ni ufunguo wa nani uliotumika. Alitamani iwe H. Mungu amsamehe, alitamani awe Huguette.

Ilikuwa S.

Sylvère, aliyemfundisha kushika bastola. Sylvère, aliyemsimamia bintiye ubatizo. Aliyelia kwenye maziko ya Régis hadi akashikiliwa, kisha akarudi ofisini kusaini ripoti ya kumlaumu.

Caritas alibonyeza redio ili askari wake waliojificha jirani wasikie.

"Geti lisifunguliwe. Timu, kamateni!"

Fuso ilirudi nyuma kwa kishindo. Caritas akaikatiza barabara kwa Probox, taa moja ikapasuka. Alitoka na bastola ya Browning mkononi.

Akafyatua risasi mbili.

Tairi la mbele lilipasuka, lori likaenda kulalia mtaro. Wanaume watatu walishuka mikono juu, mmoja bado ameshika simu ya satelaiti ya Thuraya, na mtu wa upande wa pili wa simu alikuwa akifoka kwa lugha ya kigeni.

"Kuko mutu ameumia?" Huguette aliuliza redioni.

"Gari yangu tu."

Nusu saa baadaye Caritas alikuwa mtaa wa Mutanga Nord, kwenye baraza ya nyumba ya mzee Sylvère. Askari wawili walibaki nje ya geti.

"Mutoto yangu, nimesikia. Pole sana," mzee alisema. Bia yake ya Amstel ilikuwa haijaguswa. "Ile message nilituma siku ya tatu, Jumatano, ya kujaribu geti, bandits wameikopi. Wameirudisha vilevile."

"Apana, Papa. Saa inaandikwa ndani ya message, na muhuri unaifunga. Hii ni ya leo, saa nane kasoro mbili. Ya zamani, geti lingeikataa."

"Basi Huguette. Na yeye alikuwa na ule ufunguo."

"Wa Huguette ni mwingine."

Miaka thelathini kazini, haikuwa imemjia mzee akilini kwamba mtu wa chini yake angempa kitu tofauti na cha wengine.

"Karatasi iko wapi, Papa?"

Mkono wa mzee ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati; karatasi ilikuwa bado pale, hakuna aliyemwibia.

"Umenitega," alisema polepole. "Mi, parrain wa ubatizo wa mutoto wako."

"Nilitega juu ya kukutoa mu liste ya wenye kushukiwa! Nilitaka niende kwa wakubwa niwaambie, muone, Papa hayuko ndani." Sauti ilimkatika, na alichukia kwamba imemkatika mbele yake. "Na Régis?"

Mzee alijibu akiangalia sakafu.

"Alinipigia akiwa Musaga. Aliniomba watu. Nikamwambia wako njiani."

Caritas aliisukuma simu ya mzee juu ya meza hadi ikagusa chupa.

"Pigia Lisette. Umwambie vile umeniambia mimi."

Alisimama pale hadi aliposikia sauti ya mwanamke ikisema allô. Ndipo akashuka ngazi, akawapa askari ishara waingie.

Nje, alifungua simu yake na kuufuta ufunguo wa S. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo, akawasha Probox yenye taa moja, akaenda kumchukua bintiye shuleni.