Vyungu Visivyo na Kitako

Nilifika Misima saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kupima vyungu, kuvifunga kwa magazeti, kuvipakia na kuondoka navyo kwenda Korogwe. Nilikuwa nimetenga dakika tano kwa kila chungu. Vilikuwa kumi na kimoja. Kabla ya maghrib tungekuwa barabarani.

Muhsin, dereva wa kirikuu cha kubebea mizigo niliyemkodi pale Chanika ninakoishi, aliegesha kando ya ua akaniangalia nikitoa futi ya fundi cherehani mkobani.

"Dada Maryamu, hiyo ni ya vyungu kweli, au umekuja kuchukua vipimo vya posa?"

"Ya vyungu. Na usivute sigara karibu na magazeti."

"Wasomi bwana. Hata chungu kinapimwa kama suruali." Akacheka, akalala kwenye usukani.

Mwenye vyungu ni mama yangu mkubwa, Fatu, dada wa mama. Yeye na mumewe, Baba Mhina, ndio walionilea tangu nina miaka minne. Vyungu vya Mama mkubwa vinajulikana, na mimi niliyesomea sanaa chuo kikuu nilikuwa na ndoto ya siku moja kuviweka mahali watu wakaviangalia badala ya kuvipikia. Kisha Baba Mhina akafariki, na Mama mkubwa akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, chumba kimoja na uani basi.

Katikati ya eda alinipigia simu. Alisema anafinyanga. Alisema ni vitu vipya, hajawahi kufinyanga vya aina hiyo. Sauti yake ilikuwa na furaha, nami nilidhani kazi inamponya. Rafiki yangu Vaishali, tuliyesoma pamoja, akanipa ukumbi wa mbele wa duka la vitambaa la familia yao pale Korogwe. Tukachapisha kadi za mwaliko. Maonyesho Jumamosi. Eda ilikuwa inaisha Alhamisi, jua likizama.

Siku niliyofika ndiyo ilikuwa Alhamisi hiyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita haraka. Funga mlango."

Alikuwa amekonda. Kanga zake nyeupe zilikuwa zimekuwa kahawia hadi viwikoni. Chumba kilinukia udongo mbichi, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kali na baridi puani. Niliijua, ila sikukumbuka nimeinusa wapi.

Vyungu vilikuwa vimepangwa ukutani. Nilishika cha kwanza, nikakigeuza ili nipime kitako.

Hakikuwa na kitako.

Nikashika cha pili. Nacho wazi juu, wazi chini. Vyote kumi na kimoja vilikuwa hivyo, kama pete kubwa. Vilikuwa vizuri ajabu. Vyembamba, laini, vimechomwa hadi rangi ya damu iliyokauka.

"Mama, hivi vinawekwa nini?"

"Haviwekwi kitu. Vinawekwa kimoja juu ya kingine."

Nikaanza kupima na kuandika. Cha kwanza, kimo sentimita kumi na nne. Cha pili, kumi na tatu. Upana wa cha chini ulikuwa mkubwa, ukapungua kidogo, ukaongezeka tena kwenye cha tisa na cha kumi. Cha kumi na moja kilijikunja kwa ndani, kikaacha tundu linaloweza kupitisha ngumi mbili.

Nilipomaliza nilijumlisha vimo vyote. Mia moja arobaini na tatu.

Nilirudia hesabu. Mia moja arobaini na tatu.

Namba hiyo niliijua. Mwaka juzi Baba Mhina alitaka kanzu mpya ya kuvaa siku ya mahafali yangu, na mimi ndiye niliyempima kwa futi hii hii. Bega hadi kifundo cha mguu: mia moja arobaini na tatu. Nikaangalia mzunguko wa chungu cha tisa, pale penye kifua. Tisini na nane.

Nao niliukumbuka.

Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza miezi miwili kabla, kwenye simu.

"Mama... wewe ulikuwa ndani. Hukutoka. Udongo ulikuwa unaupata wapi?"

Niseme jambo moja kwa asiyetoka kwetu. Udongo wa vyungu ni wa wanawake. Mfinyanzi huuchimba mwenyewe, kwa jembe lake, na mwanaume hasogei hata karibu na shimo lile. Tumekua tukijua hivyo, hakuna anayekaa chini kutufundisha. Nilidhani labda jirani yake, Mama Hiza, ndiye aliyekuwa akimchimbia.

"Mama Hiza ndiye anakuletea?"

"Mama Hiza anaumwa mgongo."

"Sasa nani?"

Akatazama mlango wa uani.

"Siku ya saba baada ya msiba," alinong'ona, "wakati wa maghrib, nilisikia hodi huko nyuma. Nilikuwa nimezoea, Maryamu. Miaka thelathini na moja anarudi shamba, anapiga hodi uani, mimi naitikia. Nikaitikia. Nikasema karibu... Nilipofungua hakukuwa na mtu. Udongo tu, bonge moja, umewekwa juu ya jani la mgomba. Mzuri. Hauna hata kijiwe."

"Na wewe ukaupokea?"

"Nikasema ahsante. Kisha kila hodi, bonge jingine."

Nikavuta pumzi, na ile harufu ikanijaa kichwani, na safari hii nikaitambua. Ilikuwa kafuri. Ile ya kuoshea maiti.

Mwanaume hachimbi udongo wa vyungu. Shimo analojua kulichimba ni la choo na la kaburi. Na udongo ule haukunukia choo.

"Mama, tunaondoka. Sasa hivi."

"Bado kichwa," alisema.

"Nini?"

"Bado kichwa tu. Bonge la mwisho analeta leo. Nikimaliza kichwa, nakaa naye. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Unakaa naye wapi?"

Alitazama chini, kwenye mkeka wake wa kulalia. Nikauvuta. Sakafu ya udongo ilikuwa imebonyea, pana kiasi cha mtu mmoja, ndefu kiasi cha mtu mmoja, na kingo zake zilikuwa zimelainishwa vizuri kwa kiganja. Kama ndani ya chungu.

Sikusubiri. Nilimwita Muhsin mlango wa mbele, nikampa vyungu kimoja kimoja bila kuvifunga gazeti. Nilitaka vitoke kwenye nyumba ile. Nilidhani bila mwili hakuna cha kuwekea kichwa. Mama mkubwa alikaa ukutani akinitazama, hakunizuia, hakunisaidia.

Cha kumi na moja kilitoka saa kumi na mbili na nusu. Nikamshika mkono.

"Inuka, Mama. Eda imekwisha."

"Haijaisha mpaka adhana."

Na hapo...

"Hodi."

Ilitoka mlango wa uani. Taratibu. Kama mtu aliyechoka.

Mama mkubwa akaniwekea kiganja mdomoni. Kiganja kilikuwa baridi. "Usiitike," alinong'ona. "Ananiita mimi."

Nikakitoa kiganja chake, nami nikamziba mdomo wake. Tulibaki hivyo, tukisikilizana mapigo ya moyo.

"Hodi..."

Kisha akakohoa. Mara mbili, halafu akasafisha koo. Kikohozi kile kile. Tangu nina miaka minne, nikikisikia nilikuwa nainuka, naacha kijiko, naacha daftari, naenda kumpokea jembe. Sikufikiri. Wallahi sikufikiri. Mdomo ulitangulia.

"Shikamoo, baba."

Upepo wenyewe ulisimama.

"Marahaba... mwanangu."

Ilikuwa sauti yake. Ila ilikuwa kama inapita kwenye kitu kizito, kama anaongea huku mdomo umejaa.

"Mama yako... kamaliza?"

Mama mkubwa alikuwa anatikisa kichwa chini ya kiganja changu. Machozi yake yalinilowesha vidole. Nilijua nikisema bado, mlango utafunguliwa, bonge litapokelewa, na yule mama aliyenilea ataingia kwenye lile shimo kwa miguu yake mwenyewe.

"Kamaliza, baba," nikasema. "Kazi imekwisha."

Nje kitu kizito, chenye maji, kilidondoka chini. *Pwaa.*

Hatua zikaondoka. Hazikuelekea makaburini. Zilizunguka nyumba, zikapita dirishani, zikaelekea barabarani.

Dakika moja baadaye nikasikia Muhsin akipiga kelele.

"Dada! Dada Maryamu! Nani kapanda huko nyuma? Gari limelalia upande mmoja!"

Adhana ikaanza.

Mama mkubwa alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. "Umemdanganya," alisema. "Hata siku moja hujawahi kumdanganya."

Nilimwacha mikononi mwa Mama Hiza, aliyekuja na maji ya kumwogesha atoke eda. Niliporudi garini Muhsin alikuwa amewasha taa ya simu, anamulika nyuma. Vyungu tu. Hakukuwa na mtu.

"Springi imechoka," alisema, ingawa sikumuuliza. Njia nzima hadi Korogwe hakutania tena, na kila tulipopanda mlima kidogo, gari lilivuta kwa shida.

Ningeweza kuvivunja. Nasema ukweli kwa sababu hadithi hii haina maana nikificha. Palikuwa na mawe kila mahali barabarani, na Muhsin angenisaidia kwa furaha. Lakini kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Na vyungu vilikuwa vizuri. Vilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvishika.

Ijumaa tulivipanga mimi na Vaishali juu ya meza kumi na moja, kila kimoja na kadi yake: namba, kimo, mzunguko. Penye asili ya udongo niliandika "Misima". Tulifunga saa kumi jioni.

Jumamosi asubuhi Vaishali alinipigia simu.

"Maryamu, umerudi jana kuvipanga upya? Mbona hukuniambia? Vimependeza hivyo, lakini nimejaribu kukitoa cha juu, hakitoki."

Vilikuwa vimesimama katikati ya ukumbi, kimoja juu ya kingine. Nilipitisha kidole pale vilipokutana. Hapakuwa na ufa. Hapakuwa na alama. Ilikuwa kama vimechomwa pamoja, moto mmoja.

Watu walikuja wengi. Walipiga picha. Mama mkubwa aliletwa saa tano, amevaa dera la rangi ya chungwa, siku yake ya pili nje ya eda, na watu wakampigia makofi. Mzee Akber, baba yake Vaishali, alimvutia kiti.

"Mama, mikono yako ina baraka. Lakini niambie, mbona sanamu hii haina kichwa?"

Ukumbi ukacheka. Mama mkubwa hakukaa. Aliweka kiganja juu ya lile tundu, kama mtu anayeziba chungu kisichemke.

"Mwulizeni mwanangu," alisema. "Yeye ndiye aliyesema imekwisha."

Sasa Mama mkubwa amepona. Anakula. Anachimba udongo wake mwenyewe na anafinyanga vyungu vya maharage, vina kitako. Lile bonge la mwisho aliliokota uani, akaliweka kwenye ndoo ya plastiki chini ya kitambaa, akaja nalo Jumamosi ile, akanipa niondoke nalo. "Hili silifinyangi," alisema. "Wewe ndiye uliyemjibu."

Ile kazi haipo tena dukani. Jumatatu Vaishali alikuta mlango umefunguliwa kwa ndani, na vumbi jekundu sakafuni hadi kizingitini. Alidhani ni wezi. Sikumbishia.

Kutoka Korogwe hadi Chanika, kwa mwendo wa mguu, na mtu mwenyewe haoni njia, nilikadiria siku nne. Ilichukua tano.

Haongei. Hana cha kuongelea. Hapigi hodi, anagonga tu, kila maghrib, na anagonga chini chini, kwa kitu kigumu, kama chungu kinachogongwa ukutani. Siitikii. Nimeweka pamba masikioni. Nimehamisha kitanda mara mbili.

Lakini asubuhi ya leo nilipoosha uso niliona kitu kwenye kioo. Mstari mwembamba wa udongo mbichi umezunguka shingo yangu yote, sawasawa, haukupinda hata kidogo. Wafinyanzi huuchora mstari wa namna hiyo kwenye chungu kibichi, kuonyesha pale watakapokata.

Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo.

Nimefunua ndoo. Udongo haujakauka, na kafuri imejaa chumba kizima. Nimeweka mbele yangu picha ya Baba Mhina siku ya mahafali yangu, nimeandika vipimo: paji la uso, pua, umbali wa jicho hadi jicho. Nimebonyeza dole gumba mara ya kwanza.

Sijawahi kufinyanga kitu maishani mwangu. Imebaki saa moja na dakika kumi kabla ya maghrib, na pua inakataa kufanana.